Polisi Aliyelamba Ukuta Wangu

Kabla hujacheka, ujue kwamba mimi si muntu wa ndoto. Pombe niliiacha zamani kwa sababu inaharibu mikono, na mikono ndiyo shule yangu. Shule ile nyingine, ya ubao na chaki, niliingia nikatoka kabla sijajua kuandika vizuri jina la baba yangu. Haya nimeyaandika polepole, na pale nilipokosea herufi binti yangu amenisahihisha. Lakini jambo lenyewe hakuna wa kunisahihisha. Niliona, nilishika, nilinusa. Hasa nilinusa. Mpaka leo nikikumbuka, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu, ni yale yanayotangulia kutapika.

Mimi ni fundi wa matofali. Nakaa Mulongwe, hapa Uvira. Anayejua mto wetu anajua tabia yake: siku nyingi ni mtoto anayecheza kwenye mawe, halafu siku moja unalewa mvua ya milimani na kushuka na miti, na mbuzi, na vitanda vya watu. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya udongo mbichi. Mto ulipopita iliyeyuka kama sukari kwenye chai, nikabaki nimesimama na mlango mkononi. Mlango tu. Mama Neema, bibi yangu wa ndoa, alinitazama akasema, "Papa Neema, sasa utapiga hodi wapi?" Nilicheka huku nalia. Siku ile niliapa kwamba nyumba itakayofuata itakuwa ya tofali la kuchoma kutoka msingi mpaka juu, na kila tofali nitalifyatua mwenyewe.

Nikapata mahali Kiringye, kule kwenye bonde la Ruzizi, karibu na matete. Udongo wa pale, niamini, ni siagi. Unaushika kwenye kidole hautaki kuachia. Sehemu moja ulikuwa mwekundu kuliko kwingine, na ndani yake mlikuwa na vipande vyeupe vyeupe. Kwetu hicho si kitu cha kushtua. Ziwa na mto vimehamahama tangu zamani, popote utakapochimba utakuta magamba ya konokono. Tena sisi wafyatuaji tunayapenda, tunasema udongo wenye konokono haupasuki motoni. Kwa hiyo nilipoona weupe nilifurahi. Nikawaambia wafanyakazi wangu wakanyage vizuri. Hakuna aliyechutama kutazama ni konokono gani huyo mwenye meno.

Tulipowasha tanuru, moshi ulitoka wa njano, unanuka nywele zilizoungua na mafuta ya nyama mbovu. Watu waliokuwa wanapita kwenda Luberizi walifunga pua. Mama mmoja mwenye mchele kichwani alitupigia kelele kutoka barabarani: "Enyi wa tanuru! Muko munachoma matofali, ao muko munachoma mama-mukwe?" Tulicheka, na mimi nilicheka. Matofali yakatoka mazuri, ukiligonga moja linalia kama kengele. Nikayapakia kwenye lori, nikarudi nayo Uvira, nikajenga.

Sitajidai unyenyekevu: ilikuwa nyumba nzuri. Watu waliosoma wamepita pale wakauliza ni mhandisi gani aliyechora. Niliwaonyesha kifua changu.

Shida ilianzia kwenye ukuta wa sebule, upande wa nje unaotazama ziwa. Kila asubuhi palikuwa na alama ya maji, kwenye urefu wa uso wa muntu, umbo la shavu. Jua likipanda inakauka. Asubuhi inarudi, kubwa zaidi. Na ilinuka matope ya matete, inanuka kambale aliyesahauliwa kwenye ndoo, na chini ya hapo inanuka kidonda. Mama Neema alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu.

"Ni mbwa wa jirani," nikamwambia.

"Mbwa gani anakojoa mpaka kwenye urefu wa uso wako?"

Halafu saruji kati ya matofali ikaanza kumeguka kama mkate wa juzi, na ufa ukatokea. Mimi ni fundi, ufa nikiuona najua unakwenda wapi. Ule ulikuwa unapanda kwenye boriti inayobeba paa. Hapo mchezo uliisha. Nyumba yangu ilikuwa inaliwa, na nilitaka kujua nani anaila.

Kwetu jua hujificha mapema nyuma ya milima, wakati upande wa Bujumbura bado kunang'aa. Ni saa ya watu kupuliza makaa, na wavuvi kubeba taa zao kwenda kutafuta ndagala. Saa hiyo nilichukua nyundo, nikazunguka kona ya nyumba, nikamkuta.

Alikuwa kijana. Alivaa kaptura na koti la bluu, nguo za polisi wa zamani, kofia nyekundu kichwani, miguu mitupu imejaa tope mpaka magotini. Sura nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini tumbo! Lilikuwa limevimba kama ngoma, vifungo vya koti vimekatika, ngozi imetanuka mpaka inang'aa, na kando ya kitovu palikuwa na chale mbili zinazotoa maji ya njano, yanachuruzika mpaka mapajani. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye ukuta wangu, amefumba macho, analamba tofali. Polepole, kama ng'ombe anavyomlamba ndama.

"Weye!" nikapiga kelele. "Toa ulimi kwenye nyumba yangu!"

Hakushtuka. Alijipangusa mdomo kwa mkono wa koti. "Samahani, muzee. Weye njo fundi uliyejenga?"

"Ni minye. Na weye ni nani? Mulevi?"

"Minye ni polisi."

"Polisi gani anayelamba matofali ya watu? Kama unatafuta kitu kidogo, piga hodi mbele kama wenzako!"

Akacheka. Meno yake yalikuwa na tope katikati. "Watu wa sasa muko wakali. Minye ni polisi wa wakati wa pamba. Siku hizo baba yako alikuwa bado hajazaliwa, kwa hiyo hapa njo minye muzee."

Nilimrushia nyundo. Ungefanya nini? Iliingia tumboni mwake kama inaingia kwenye udongo uliokanyagwa, ikafanya fwap, halafu ikateleza ikaanguka chini, imepakwa ute. Nyundo ile niliitupa. Hakuna sabuni iliyotoa ile harufu. Na yeye alitazama tumbo, akatazama nyundo, akasema tu, "Haisaidii. Nimekwisha kujaribu kisu."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nikimbie niende wapi? Nyumba ni yangu.

"Unatafuta nini kwenye ukuta wangu?" nikamuuliza.

"Namutafuta muntu wangu. Uko naye humu. Ulimufyatua kule Kiringye."

Nilikaa kwenye kidumu cha maji, na ule weupe kwenye udongo ukanirudia machoni. Yeye akakaa chini, tumbo katikati ya miguu kama mwanamke aliyefikisha miezi ya kuzaa, akanieleza.

Jina lake ni Ngongo, muntu wa Maniema. Serikali ya Wabelgiji ilimleta huku asimamie watu wa bonde walime pamba. Kusimamia ndilo neno lao, maana yake kupiga. Kila nyumba ilikuwa na shamba lake la lazima. Sasa, Kiringye palikuwa na Mufuliiru mmoja kijana, mwenyeji wa pale, anaitwa Kashindi, ambaye kwa sheria ya siku hizo alifanya kosa baya kuliko wizi: alichemsha mbegu za pamba kwenye chungu, halafu akazipanda mbele ya muzungu, na kuimba akaimba. Pamba haikuota. Akafundisha majirani. Pamba ya majirani haikuota. Muzungu wa pamba alipogundua, Kashindi alikuwa amekwisha kuzama kwenye matete ya Ruzizi. Ngongo akapewa kamba, akaambiwa amlete amefungwa.

Siku ya kwanza tu Ngongo alinasa kwenye tope mpaka kiunoni, bunduki juu ya kichwa.

"Nikasikia muntu anacheka kwenye matete," akaniambia. "Anacheka mpaka anakohoa. Anasema, 'Polisi, leo njo weye umepandwa. Tungoje tuone kama utaota.'"

Kashindi alichukua ileile kamba ya kumfungia, akamvuta nayo. Tena akamfulia kaptura, kwa sababu polisi akirudi na tope lile angeulizwa alikuwa wapi.

"Nilikaa uchi kwenye jiwe, nangoja nguo ikauke," akasema, "na muntu niliyetumwa kumukamata ananipikia kambale. Muzee, ningefanya nini?"

"Ungemukamata."

"Nilimukamata. Na yeye akanikamata."

Tangu siku hiyo Ngongo alikwenda kumtafuta msimu mzima, na kila mara akarudi kusema muntu hajaonekana. Walilala kwenye kibanda cha matete kama bwana na bibi yake. Aliposema hivyo nilitema mate chini. Nasema wazi, sifichi: nilichukia. Nimelelewa kanisani na kwa fimbo ya baba, na mambo hayo sikuonyeshwa. Nikamwambia, "Mwanaume na mwanaume? Hata kufa hakukukupa haya?"

Hakukasirika. "Mama Neema namusikia kila siku, niko na sikio kwenye ukuta. Yeye ulimupendea nini?"

Nikafikiri. "Alijua kupika sombe."

"Kashindi alijua kupika kambale."

"Si hiyo tu," nikasema, maana ningeonekana mjinga. "Mto uliponichukulia nyumba, alinichekesha."

Polisi yule alitazama tope la miguu yake. "Basi umekwisha kujua," akasema.

Nikakivuta kidumu karibu naye, nisikie vizuri.

Halafu Ngongo na Kashindi wakanywana damu. Wazee wa bondeni walilijua jambo hilo vizuri: mnachanjana kando ya kitovu, kila mmoja analamba damu ya mwenzake, mnaapa. Baada ya hapo hakuna sheria ya mwami, chifu wetu, wala ya muzungu inayokaa juu ya kiapo hicho. Anayemgeuka mwenzake, ile damu aliyokunywa inamvimbia tumboni mpaka imuue. Na kaburini pia haimwachi, mpaka yule aliyekosewa atie maji mdomoni amtemee usoni. Mate yale ndiyo msamaha. Hakuna wa kutema kwa niaba yake.

Aliyewauza ni mjomba wa Kashindi. Mjomba, ndugu ya mama! Alikuwa akiletewa samaki na haohao wawili. Alikula, akalamba vidole, akaenda kwa muzungu, akarudi na chumvi ndani ya jani la ndizi. Hata si gunia. Kashindi akakamatwa na polisi wengine, na yule muzungu, ambaye alikuwa ameanza kunusa kitu, akamwita Ngongo mbele ya kijiji, akamkabidhi fimbo ya ngozi ya kiboko.

"Nilipiga polepole," Ngongo akaniambia. "Muzungu akasema, damu isipotoka, na weye utalala pale pembeni yake."

"Ukalala?"

Alishika tumbo kwa mikono miwili. "Nilipiga."

"Ulipiga namna gani?"

"Namna ya muntu anayeogopa. Hakuna fimbo inayouma kama hiyo."

Kashindi hakulia. Alisema neno moja tu, shavu likiwa mchangani: "Ngongo, kumbe uko na nguvu hivi. Ulikuwa unanishika kama yai." Akafa kabla hakujapambazuka. Ngongo akamchukua mwenyewe, akamzika kwa mikono kwenye udongo mwekundu kando ya matete. Tumbo lilianza kuvimba kabla hajanawa. Lilipomuua, serikali ilimzika na tarumbeta.

Hapo chuki yangu ilihama, nakuambia kweli. Wale wawili kwenye kibanda niliwachukia kwa sababu nimezoea kuchukia. Lakini mjomba anayelamba vidole? Na muntu anayempiga muntu wake mpaka anakufa kwa kuwa naye anaogopa kupigwa? Kuchukia hayo sikuhitaji padri wala baba wa kunifundisha. Nilimtazama yule kijana na tumbo lake linalovuja, nikasikia kichefuchefu ambacho hakikutoka kwenye harufu.

"Sasa unalamba ili iwe nini?" nikamuuliza.

"Nimutie maji. Apate mate ya kunitemea." Akagusa tofali. "Lakini ulimuchoma, muzee. Amekauka kabisa. Kila siku nalamba, kila siku anakauka."

"Na ukuta wangu?"

"Ukianguka umeanguka. Minye sina pahali pengine pa kwenda."

Nilifanya kama watu wote, nikaita watumishi wa Mungu. Walikuja jioni na Biblia na sauti zao, wakazunguka ukuta, wakakemea. Ngongo alisimama nyuma yao, amevua kofia, na kila walipomaliza yeye alisema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Wale wachungaji waliangaliana, hakuna aliyemwona, kila mmoja akadhani ni mwenzake. Asubuhi alama ya maji ilikuwa imepanuka mara mbili na ufa ulimeza kidole changu.

Mama Neema ndiye aliyetaka kumwona. Nikampeleka, na yeye akamwona, labda kwa sababu ukuta ule ni wake pia. Hakupiga kelele. Alimtazama uso, akamtazama tumbo, akaenda kutapika nyuma ya choo, akarudi anapangusa mdomo kwa kitenge.

"Papa Neema, weye ni fundi wa matofali, ao unajidai tu? Tofali kavu ukilizamisha kwenye maji linafanya nini?"

Kila fundi anajua. Kabla ya kujenga unalizamisha tofali, na linakunywa. Linalia tsss, linatoa povu, na mengine yenye tundu ndani yanarusha maji juu mpaka yanakupiga usoni. Nimefanya hivyo maisha yangu yote.

"Huyu analamba ngozi tu," akasema. "Ndani hakufiki. Toa muntu wake ukutani, mumuzamishe."

"Na nyumba?"

"Nyumba inaanguka tu. Chagua nani wa kuiangusha, yeye ao weye."

Kesho yake nilitegemeza paa kwa miti, nikaazima nyundo, nikabomoa ukuta niliouweka mwenyewe. Sitaki kulieleza sana. Umewahi kung'oa meno yako kwa mkono wako? Kila tofali lenye weupe ndani nililiweka pembeni. Jua lilipopita nyuma ya milima tulikuwa na lundo, na Mama Neema alikuwa ameleta beseni kubwa la kufulia na maji ya ziwa. Ngongo akaja, akakaa chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa.

Nikazamisha la kwanza. Tsss, povu. Akatikisa kichwa. "Huu ni mukono." Nikazamisha lingine. "Huu ni muguu wake wa kushoto." Nilitaka kuosha mikono yangu na mchanga. Lingine alilinusa, akaanza kucheka. "Hii ni konokono kweli, muzee."

Halafu nikashika moja lililomeguka pembe, weupe ndani yake umejikunja kama nusu ya kikombe, na jino moja pembeni. Nililizamisha. Halikulia. Hakuna povu. Likakaa chini ya maji kama jiwe la mtoni. Ngongo akapiga magoti haraka, tumbo likagonga beseni, akaweka sikio juu ya maji. Na akaanza kuzungumza.

"Ndiyo, ni minye... Hapana. Hapana, sikukusahau siku hata moja... Najua. Najua nilipiga."

Mimi nilishikilia ukingo wa beseni, maana tumbo lake lilikuwa linalisukuma.

"Anasema nini?" Mama Neema akauliza.

"Anauliza nani alimuweka chini ya mabati, joto linamuua."

"Mwambie ni minye," nikasema, "na ni nyumba nzuri."

Akamwambia. Halafu akasikiliza tena, na uso wake ukasawijika.

"Anasema kumusemea sikioni haitoshi. Nilimupiga mbele ya watu. Niseme mbele ya watu."

"Basi sema. Watu wako hapa Mulongwe, wamejaa."

Alisimama kwa shida, akavua kofia, akapiga kelele ambayo sijasikia ikitoka kwenye kifua cha muntu: "Minye Ngongo! Nilikunywa damu ya Kashindi! Alikuwa muntu wangu, nilimupenda, nikamupiga mpaka akakufa, kwa sababu niliogopa kulala pembeni yake!" Sufuria zikanyamaza. Majirani walitoka, wakasimama kwenye ua wa matete, wanachungulia. Waliisikia sauti, wote wanakubali mpaka leo. Kumwona, hawakumwona.

Na tofali likatema. Maji yaliruka kutoka chini ya beseni, mekundu, mazito, yakampiga katikati ya uso. Hakuyapangusa. Alitoa ulimi akayakusanya, kama muntu aliyetembea kiangazi kizima. Halafu tumbo likafunguka kwenye zile chale mbili. Mungu wangu. Yote yaliyokuwa mle tangu wakati wa pamba yalitoka, na yalitoka juu ya miguu yangu, ya moto, na madonge ndani yake. Nilitapika. Mama Neema alitapika. Jirani mmoja, ambaye hakuona kitu ila harufu, alitapika juu ya ua.

Nilipoinua macho, Ngongo alikuwa kijana mwembamba ndani ya koti kubwa. Alitoa tofali majini, akalipangusa kwa kofia yake, akalitia ndani ya koti na kufunga kile kifungo kimoja kilichobaki.

"Asante, muzee."

"Usinishukuru. Nyumba yangu haina ukuta."

"Na hii mingine? Mukono, muguu?"

"Nitairudisha Kiringye, nizike. Enda."

Akaenda, akifuata ufukwe kuelekea upande wa Ruzizi, anazungumza na kifua chake. Mara nikamsikia anacheka. Mama Neema alimwangalia mpaka alipopotea, akasema, "Yule peke yake angekufa njaa, hajui kupika," akaingia ndani kuchemsha maji ya kuniosha miguu.

Yale mengine niliyazika, kama nilivyosema, na nilishika udongo ule kwa adabu. Ukuta nimeziba kwa mbao. Matofali mengine ninayo tele, lakini nikishika mwiko wa fundi upande ule, mkono unakataa. Ngozi ya miguu yangu, pale yale ya tumbo la Ngongo yalipomwagika, imekuwa nyeupe kama ya muntu aliyeungua, na mvua ikikaribia inanuka. Siku hizo nalala na miguu hiyo nje ya dirisha. Chumvi pia sili. Nikiiweka kwenye ulimi nasikia vidole vya yule mjomba.

Na unajua majirani waliniuliza nini walipokuja asubuhi nikawaeleza yote? Kitu kimoja tu: ni kweli walikuwa wanaume wawili? Wanasonya, wanacheka, wanapigana viganja. Hakuna aliyeuliza jina la mjomba. Hakuna aliyeuliza kama yule muzungu wa pamba alikula vizuri jioni ile. Hao ndio wananitia kinyaa sasa, na wako hai, wamenawa, wamepaka mafuta.

Mmoja wao ni kijana wa mtaa wetu anayevaa sare ya serikali. Alicheka kuliko wote. Nikamwita pembeni.

"Mwanangu, wakikupa fimbo umupige muntu wako, utafanya nini?"

"Muzee," akasema, bado anacheka, "amri ni amri."

Nilimwambia atoke kwangu. Alitoka. Na weye unayesoma, kama kuna muntu uliyekula naye chungu kimoja, na siku moja mkubwa akakuita mbele ya watu akunyooshee fimbo, usidanganyike kwamba utapiga polepole. Lala pale pembeni yake. Yule kijana alipofika barabarani, akidhani simwoni, alilegeza mkanda wake kwa tundu moja, akajishika tumbo kwa mikono miwili.